Neno "Shambles"

Wasikilizaji, Waingereza wana neno "shambles". Zamani maana yake ilikuwa kibao cha kukalia. Baadaye ikawa meza ya mwuza nyama, kisha machinjioni penyewe. Siku hizi hata chumba cha mwanafunzi mvivu huitwa hivyo!

Sisi kwa chumba kile twasema shaghalabaghala. Wapagazi wa pwani walipobwaga ovyo majora ya nguo na mizigo ya shanga kambini, ilikuwa shaghalabaghala. Kirangozi alikemea, ikapangwa.

Lakini mwezi wa Agosti 1871 watu wa Mirambo waliushambulia mji wa Tabora, nyumba zikateketea, na Khamis bin Abdallah akauawa. Msiandike kwamba siku ile Tabora ilikuwa shaghalabaghala. Neno hilo halina damu. Andikeni: palikuwa machinjioni.