Piga Hodi Kwenye Simu ya Mumeo!

Shoga, tuseme ukweli. Mume kaingia kuoga, simu kaiacha kitandani, meseji inaingia. Mkono unawasha! Na akina baba msicheke, nanyi mmo, tena wengine mnazijua hadi namba za siri za wake zenu.

Pale Jadida, Wete, kama ilivyo Pemba nzima, mtoto wa chuoni hufundishwa mapema: piga hodi mara tatu, usipojibiwa rudi. Si ustaarabu wa pwani tu. Kuomba ruhusa kumo katika Suratun Nur, aya ya 27, na hizo mara tatu zimo kwenye hadithi ya Abu Musa al-Ash'ari. Alibisha kwa Umar mara tatu, hakujibiwa, akaenda zake. Umar alipomuuliza, alimtaka alete na shahidi kwamba kweli Mtume alisema hivyo!

Lakini kwa nini hodi? Hapa ndipo penye utamu. Bukhari amepokea kisa cha mtu aliyechungulia kwenye tundu la mlango wa Mtume, naye Mtume ana kitana mkononi anajikuna kichwa. Akaambiwa kuwa kuomba ruhusa kumewekwa kwa ajili ya jicho. Jicho, si mguu! Sasa kioo cha simu nacho kama si tundu la mlango, ni nini?

"Mimi mkewe, nimpigie hodi?" Subiri. Mke wa Ibn Mas'ud alisimulia kuwa mumewe akifika mlangoni kwake mwenyewe hukohoa kwanza, asije akawakuta katika hali asiyoipenda. Na Muslim amepokea hadithi inayomkataza msafiri kurudi kwake usiku kwa kushtukiza, nia yake ikiwa kumfumania mkewe au kumtafutia makosa. Wanaume mnaokwenda dago, Unguja na Oman, hiyo ni yenu! Siku hizi kushtukiza hakutaki boti. Tangu WhatsApp ilete tiki za buluu mwaka 2014, mtu yuko Muscat anahesabu dakika mkewe alizokaa bila kujibu, kisha anapiga simu ya video saa saba usiku aonyeshwe chumba kizima.

Faragha nayo isiwe kichaka. Namba ya siri haihalalishi unayoyafanya nyuma yake. Unamshuku? Muulize uso kwa uso. Akikana na dalili zipo, kuna wazee, kuna kadhi. Ila kumshika kidole mtu aliyelala ili ufungue simu yake... ndoa itavunjika hata hujajua kama hiyo "nimekumiss" imetoka kwa dada yake. (Bibi zetu walimalizia kwenye kanga: neno liko hadharani, mlengwa anajijua.)

Wapo waliokubaliana simu zote ziwe wazi. Sawa, hiyo ni karibu iliyotolewa mlangoni. Lakini mume anayeikagua simu ya mkewe kila jioni, na yake akailalia chini ya mto, huyo wamekubaliana nini?