Tujenge Shule, Lakini Mtoto wa Kisiwani Atalala Wapi?

Mwezi Januari mwaka 2028 shule za sekondari za nchi hii zitapokea watoto wengi kuliko zilivyozoea. Kwa Sera ya Elimu na Mafunzo iliyozinduliwa Dodoma mwanzoni mwa mwaka 2025, elimu ya msingi itakuwa ya miaka sita badala ya saba, na elimu ya lazima itakuwa ya miaka kumi, yaani hadi kidato cha nne. Watoto walioanza mtaala mpya wakiwa darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza darasa la sita mwaka 2027, mwaka ule ule ambao wenzao wa mtaala wa zamani watamaliza darasa la saba. Makundi yote mawili yatabisha hodi kwenye mlango mmoja.

Wakubwa wa elimu wanaijua hesabu hiyo. Kanuni yao ni chumba kimoja kwa wanafunzi 40, na hapana shaka kwamba Serikali ikiazimia kujenga hujenga. Tuliona mwaka 2021 na 2022, wakati fedha za mkopo wa kupambana na UVIKO-19 zilipojenga vyumba 12,000 vya sekondari na vingine 3,000 vya shule shikizi kwa muda wa miezi michache tu. Kwa hiyo hatuandiki leo kuwahimiza wajenzi. Tunaandika kwa sababu hesabu ya vyumba, nzuri ilivyo, humhesabu mtoto wa Rukuba au wa Nafuba kana kwamba anaishi ng'ambo ya barabara.

Rukuba ni kisiwa cha kata ya Etaro, Musoma Vijijini. Nafuba ni kisiwa cha Bunda. Kwenye karatasi ya wilaya visiwa hivi vina idadi ya wahitimu wa shule ya msingi kama vijiji vingine, na wahitimu hao hupangiwa sekondari kama wengine. Karatasi haina mawimbi. Mtoto wa Butiama aliye mbali na shule yake anaweza kuamka alfajiri akatembea, na akichelewa atachapwa au atasamehewa, lakini atafika. Mtoto wa kisiwani akiamka alfajiri na kukuta upepo umechafua ziwa hana la kufanya ila kurudi nyumbani. Wala hatutaki ajaribu. Tarehe 20 Septemba 2018 majirani zetu wa Ukerewe walipoteza watu zaidi ya 220 katika kivuko cha MV Nyerere, kikiwa kimekaribia kutia nanga Ukara. Julai 2023 msiba wa mitumbwi ulikuwa wetu wenyewe, upande wa Bunda. Mzazi anayemzuia mwanawe asipande mtumbwi asubuhi yenye upepo hawezi kuitwa adui wa elimu.

Hata hivyo, katika taarifa ya mwisho wa mwezi mtoto huyo mara nyingi huhesabiwa kuwa mtoro. Amewekwa fungu moja na yule anayejificha vichakani kucheza karata, na yule aliyeajiriwa mwaloni kuanika dagaa. Mambo haya matatu hayana dawa moja, na ofisa anayeyatibu kwa barua moja ya onyo anapoteza wino wake.

Tuseme kidogo juu ya dagaa, maana hapa ndipo penye siri ambayo kila mvuvi anaijua. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikitanda, taa hazivuti kitu, na wavuvi hupumzika. Basi mwalimu mkuu yeyote wa shule ya ziwani achukue daftari la mahudhurio la mwaka mzima aliweke sambamba na kalenda ya mwezi. Akikuta kwamba vijana wa kidato cha pili na cha tatu hupungua siku za giza na kurudi siku za mbalamwezi, atakuwa amejua mengi kuliko yanayosemwa katika semina nyingi. Atajua kwamba hana watoro mia, ana wavuvi wadogo ishirini, na atajua ni wiki zipi za kuwafuata wazazi wao na kina nani wenye mitumbwi wa kuzungumza nao.

Swali la mtoto anayetoka mbali si jipya katika mkoa huu. Mwaka 1934 kijana mmoja wa miaka kumi na miwili aliletwa kutoka Butiama kuanza darasa katika Shule ya Mwisenge, mjini Musoma, mwendo wa maili zipatazo 26. Serikali ya kikoloni ilikuwa bahili kwa elimu ya Mwafrika, lakini hata yenyewe ilielewa kwamba mtoto wa maili 26 hawezi kwenda na kurudi kila siku. Mwisenge ilikuwa na bweni. Kama isingekuwa na bweni, pengine Julius Kambarage angebaki kuchunga mbuzi wa Mzee Nyerere Burito, na historia ya nchi hii ingeandikwa kwa mkono mwingine.

Miaka arobaini baadaye, Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana mjini humu humu na kutoa Azimio la Musoma. Elimu ya msingi kwa wote, ambayo ilikuwa imepangwa kufikiwa mwaka 1989, ikaamuliwa ifikiwe Novemba 1977. Ulikuwa uamuzi wa ujasiri, na mamilioni wanaojua kusoma wanaudai shukrani. Lakini wenye kukumbuka wanajua pia gharama yake: madarasa chini ya miembe, walimu waliofunzwa upesi upesi vijijini, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 iliyolazimisha mahudhurio ambayo shule nyingi hazikuwa tayari kuyapokea. Tulipitisha sheria ya kuhudhuria kabla ya kutengeneza mahali pa kuhudhuria. Mwaka 2028 tunakaribia kufanya jambo la namna hiyo kwa sekondari.

Wakazi wa Rukuba hawakukaa wakisubiri. Walikwisha kuamua kujenga sekondari yao kisiwani, na kazi ya kubeba mawe, mchanga na maji waliianza wenyewe. Tunawapongeza kwa dhati. Lakini pongezi hizo zisitufanye tunyamazie jambo moja. Jengo la shule kisiwani si sawa na la bara. Mawe yapo, mchanga upo. Kila mfuko wa saruji na kila bati huvuka ziwa kwa nauli. Shule kamili ya sekondari hudai maabara tatu, na tusisahau kwamba agizo la kila sekondari ya kata kuwa na maabara lilituachia maboma mengi yasiyo na paa. Tena, mwalimu wa fizikia akipelekwa kisiwani pasipo na nyumba ya kuishi ataomba uhamisho kabla ya likizo ya kwanza.

Kwa maoni yetu, visiwa vyenye watoto wachache vianze na kidato cha kwanza na cha pili tu, kama tulivyofanya shule shikizi kwa watoto wa msingi. Nyumba za walimu zijengwe kwanza, madarasa mawili yafuate, na watoto wadogo wabaki karibu na mama zao. Wafikapo kidato cha tatu, wakati maabara hazikwepeki, wahamie bara katika shule yenye bweni lililojengwa kwa ajili yao. Kitanda kiandikwe katika makadirio ya ujenzi sawasawa na dawati. Leo mzazi wa kisiwani humpangishia binti yake chumba mtaani karibu na shule, peke yake, miaka kumi na mitano, na sote tunajua yanayotokea. Sheria imeweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba. Bweni lenye mlango na matroni lingeokoa wasichana wengi kabla hakimu hajaitwa.

Yafaa pia kuikumbusha kila shule kwamba tangu Novemba 2021 msichana aliyeacha masomo kwa sababu ya kujifungua ana haki ya kurudi. Waraka huo ni wa Serikali, si hisani ya mwalimu mkuu, na bado wako wazazi mwaloni ambao hawajausikia.

Nanyi ndugu zetu wa visiwani, tuseme kweli. Si kila kukosa shule kunatokana na ziwa. Mwenye mtumbwi anayemwajiri mtoto wa jirani yake kwa sababu malipo ya mtoto ni madogo anaiba, hata kama mzazi ameridhia. Serikali za vijiji zina uwezo wa kupitisha sheria ndogo kwamba mtumbwi uliobeba mwanafunzi usiku wa siku ya shule hautapokelewa mwaloni asubuhi. Wavuvi wakiweka sharti hilo wenyewe litashika kuliko polisi yeyote atakayetumwa kutoka Musoma.

Kabla bajeti zijazo hazijafungwa, tunaziomba halmashauri za wilaya za Musoma na Bunda zitume maofisa wao visiwani kwa siku tatu, wapande mitumbwi ile ile wanayopanda watoto, wakiwa na daftari za mahudhurio za mwaka mzima na kalenda ya mwezi mkononi. Wakirudi, wakae na wahandisi, na hesabu ya kwanza watakayowapa iwe ya watoto wasioweza kurudi nyumbani jioni.