Mashine ya Mionzi na Siku Zinazopotea

Mwanamke anayetibiwa saratani ya mlango wa kizazi kwa mionzi hupangiwa kufika hospitali Jumatatu hadi Ijumaa kwa majuma kadhaa. Tiba yote yapasa kukamilika ndani ya majuma 8. Ikikawia zaidi, matumaini ya kuushinda ugonjwa hupungua. Basi mashine inaposimama kungojea kipuri kutoka ng'ambo, siku zinazopita ni za mgonjwa.

Wengi wetu huisikia mashine hii ikitajwa tu. Ndani yake mna bomba la shaba lililoondolewa hewa. Chembe ndogo mno ziitwazo elektroni huingizwa humo, zikasukumwa na mawimbi kama ya jiko la maikrowevu, ila yenye nguvu kubwa mno, hata zikakaribia mwendo wa nuru. Kisha hugonga kipande cha tungsteni, na mgongano huo ndio uzaao eksirei kali. Vibati vyembamba vya metali husogea kimoja kimoja mpaka mwale ulingane na umbo la uvimbe, ili nyama nzima ya kando iguswe kidogo iwezekanavyo.

Chombo hiki ni chepesi kudhurika. Pampu zinazolinda ombwe la bomba zahitaji umeme usiku na mchana, nasi twaujua umeme wetu. Mwaka 2020 watafiti walilinganisha mashine za Oxford, Uingereza, na za Nigeria na Botswana. Hizi za Afrika ziliharibika mara nyingi zaidi.

Mashine za zamani za kobalti ni sugu kuliko hizi, lakini nguvu yake hupungua nusu kila baada ya miaka 5 hivi, na madini yake hutoa mionzi hata isipotumika.

Tangu mkutano wa Novemba 2016 katika maabara ya CERN, Geneva, wanafizikia na madaktari wameshirikiana kusanifu mashine nyingine, katika mradi uitwao STELLA. Hawatafuti nguvu zaidi. Wanataka sehemu zinazobadilishwa kwa urahisi, mashine itakayotambua hitilafu mapema na kustahimili umeme unaoyumba. Kilichotupendeza ni kwamba hospitali za Afrika zenyewe ziliulizwa ni nini huharibika.

Usanifu huo haujafika wodini. Kwa sasa, familia inayompeleka mama au dada kwenye mionzi na iulize kabla ya siku ya kwanza: mashine ikisimama, atahamishiwa wapi, na siku zilizopotea zitafidiwa vipi?