Je, Wajua? Pembe Hubadili Nguvu ya Mshono wa Chuma

Karakana za jua kali za Meru na Embu huunda stendi za matangi ya maji. Miguu ikitanuliwa na vyuma vya mshazari kuongezwa, viungo vingi havina pembe ya nyuzi 90. Hapo geji ya kawaida ya kupimia mshono wa kulehemu, iliyotengenezewa pembe mraba, hudanganya.

Kinachobeba mzigo ni unene wa mshono kutoka shinani hadi usoni. Mshono bapa wenye miguu (pande zake mbili zinazoshika vyuma) ya milimita 6 una unene wa milimita 4.2 hivi kwenye nyuzi 90. Panua pembe hadi nyuzi 120, unabaki milimita 3 tu. Kuurudisha unene wa awali, miguu ya mshono inahitaji kuwa karibu milimita 8.5. Kwenye nyuzi 60 hesabu hupendeza, milimita 5.2, lakini elektrodi haifiki shinani vizuri, na pengo hujificha chini ya uso safi.

Kwa hiyo pima pembe kwanza. Kisha gonga slegi (gamba linalofunika mshono), sugua kwa brashi ya waya, tafuta nyufa, vitundu na mifereji kandokando. Tangi la lita 1,000 likijaa hubeba tani nzima ya maji. Rangi isipakwe kabla ya ukaguzi huo.