Milimita za Mshikio

Mchezaji wa gofu haruhusiwi kubeba fimbo zaidi ya 14, na sheria inadai kwamba karibu zote ziwe na mshikio wa mviringo. Kinachoruhusiwa kuvunja mviringo huo ni mstari mmoja mwembamba, ulioinuka kidogo na kunyooka kutoka juu hadi chini. Fimbo moja tu imeachiwa uhuru, nayo ni ile fupi ya kusukumia mpira shimoni kwenye nyasi zilizokatwa chini kabisa. Mshikio wake unaweza kuwa bapa upande wa mbele. Unaweza kuwa na pembe tatu zilizopondwa, au ukavimba nyuma pale panapokaa kitako cha kiganja, au ukawa mnene kama mpini wa sururu. Masharti yake ni machache: upana wake usizidi milimita 44.45 popote utakapoupima, usiwe na bonde, uwe na ulinganifu, wala usifinyangwe kufuata vidole.

Ndani ya uhuru huo kumekuwa na majaribio mengi kwa miaka 20 hivi iliyopita, na anayeushika mshikio wa namna hii kwa mara ya kwanza huona ajabu. Mikono haijui ikae wapi. Vidole vilivyozoea kukutana na kiganja havikutani tena. Swali la kisayansi ni kama ajabu hiyo ina faida, na jibu lake haliishii kwenye gofu. Linamhusu kila mtu anayeshika mpini, na katika mkoa wa Lualaba, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, watu hao ni wengi mno kuliko wacheza gofu.

Shimo la gofu lina upana wa milimita 108. Mpira ukiwa mita 3 kutoka shimoni, na ardhi ikiwa tambarare, mstari wa kutoka mpirani hadi ukingo wa shimo unaachana na mstari wa katikati kwa nyuzi 1 tu. Uelekeo ambao mpira unaanza nao unatokana zaidi na uso wa fimbo ulikoelekea wakati wa kugusa, kuliko njia ambayo fimbo imepita. Kwa hiyo uso ukipinda zaidi ya nyuzi 1, umekosa, hata kama bega, kichwa na miguu vilitulia sawasawa.

Sasa twende kwenye vidole. Chukua mshikio wa mviringo wenye kipenyo cha milimita 24. Ili uzunguke nyuzi 1, ngozi ya kidole inahitaji kuusukuma kwa takriban sehemu moja ya tano ya milimita. Ongeza kipenyo hadi milimita 44, karibu na mpaka wa sheria, na kidole sasa kinahitaji kusogea karibu maradufu ili kuleta kosa lile lile. Au tuseme hivi: kidole kikiteleza milimita 1 kwenye mshikio mwembamba, fimbo inazunguka nyuzi karibu 4.8, na kwenye mnene, nyuzi 2.6. Hesabu hii ni ya darasa la jiometri, na mkono halisi una mambo mengi zaidi, lakini inaonyesha kwa nini unene unaweza kusaidia bila muujiza wowote. Unene unapunguza ukubwa wa kosa ambalo kidole kinaweza kulifanya.

Kidole, kwa upande wake, kina kipaji kikubwa mno kwa kazi hii. Mkono mmoja una mifupa 27, na ngozi ya kiganja na vidole ina vihisio vya mguso vinavyokadiriwa kufikia 17,000. Mtafiti Roland Johansson na wenzake nchini Sweden walionyesha jinsi vihisio hivyo vinavyofanya kazi tunapoinua kitu: vinagundua dalili za mwanzo kabisa za kuteleza, na mkono unakaza kabla mwenyewe hajatambua. Ndiyo maana tunaweza kubeba yai bila kulivunja na bila kuliangusha. Lakini mfumo huu wa kurekebisha kila wakati ndio unaomsumbua anayesukuma mpira wa gramu 46 kwenye nyasi laini. Mkono unarekebisha hata pasipohitaji kurekebishwa.

Kunja ngumi taratibu, kisha uuweke mkono wa pili juu ya kigasha, kati ya kiwiko na kifundo. Kaza. Utahisi misuli ikisimama upande wa ndani na upande wa nje pia. Misuli mikubwa inayokunja vidole haikai kiganjani, inakaa kwenye kigasha, na kano zake zinapita katika kifundo. Ikivuta vidole, inataka kukikunja na kifundo pia, hivyo misuli ya upande wa nje inalazimika kukaza ili kukizuia. Unapobana fimbo kwa ncha za vidole, umekiingiza kifundo chote kwenye mvutano huo bila kukusudia.

Na mvutano una gharama. Mwaka 1998 wanasayansi Christopher Harris na Daniel Wolpert walichapisha hoja ambayo sasa ni msingi wa elimu ya mwendo wa mwili: amri ambayo ubongo unaupelekea msuli huwa na kelele ndani yake, na kelele hiyo inakua kadiri amri inavyokuwa na nguvu. Anayebana sana anatetemeka zaidi. Mtu mwenye hofu hubana, na kubana kunaongeza mtetemo aliokuwa akiuhofia. Mshikio mnene unaingia hapo kwa njia ya pili. Unajaza kiganja, unaviacha vidole vikiwa vimefunguka, na kuvinyima nafasi ya kuuma fimbo kwa ncha. Fimbo inashikwa na kiganja, na kazi ya kuibembeza inahamia mabegani, kwenye misuli mikubwa isiyo na wepesi wa kuhangaika.

Upande bapa una kazi nyingine. Vidole gumba viwili vikilala juu ya ubapa unaolingana na uso wa fimbo, mkono unajua uso umeelekea wapi bila jicho kuangalia. Mshikio wa pembe tatu unavigeuza viganja kidogo na kuvisogeza viwiko karibu na mbavu. Ule uliovimba nyuma unajaza pengo chini ya kiganja cha juu na kukizuia kifundo kisivunjike wakati wa kusukuma. Kila umbo linanyima mwendo fulani. Nadhani hapa ndipo wauzaji wanapowapotosha watu kwa kusema kwamba mshikio unaongeza uwezo. Mshikio mzuri wa kusukumia unaondoa uwezo usiotakiwa.

Wapo waliolijua hili kwa maumivu. Bernhard Langer wa Ujerumani, mshindi wa mashindano ya Masters mwaka 1985 na 1993, alipambana mara kadhaa na ugonjwa wa mkono kushtuka ghafla wakati wa kusukuma. Kwa baadhi ya wanaoupata, madaktari wanauhusisha na hitilafu ya ubongo katika kutawala misuli inayorudia kazi moja kwa miaka mingi, hitilafu ambayo huwapata pia wapiga piano na waandishi. Langer alibuni mshiko wa kushangaza: mkono wa kushoto chini, na wa kulia ukikibana kigasha cha kushoto pamoja na fimbo yenyewe. Baadaye wengine wakaegemeza fimbo ndefu tumboni au kifuani, na kati ya 2011 na 2013 Keegan Bradley, Webb Simpson, Ernie Els na Adam Scott wakashinda mashindano makubwa kwa fimbo za namna hiyo. Kuanzia tarehe 1 Januari 2016 sheria ikakataza kuegemeza fimbo mwilini. Umbo la mshikio halikuguswa. Jordan Spieth alikuwa ameshinda Masters na US Open mwaka 2015 akitumia mshikio bapa, mnene kuliko wa kawaida, mkono wa kushoto ukiwa chini.

Kwa msomaji wa Kolwezi, huko Lualaba, mahali pa kuyajaribu haya hapako mbali sana. Lubumbashi, kilomita zipatazo 300 kwa barabara, ina eneo zima la mji linaloitwa Golf kutokana na uwanja wake. Na hali ya hewa ya eneo hili la Katanga inaongeza somo ambalo vitabu vya Ulaya hulipitia haraka. Wakati wa kiangazi, kuanzia Mei, nyasi hukauka na mpira hukimbia. Msukumo mdogo unatosha na mshikio mnene unastawi. Mvua zikianza, nyasi hujaa maji na mpira huzama kidogo, kwa hiyo lazima usukume kwa nguvu zaidi. Hapo mshikio mnene unaonyesha udhaifu wake. Vidole vilivyonyamazishwa ndivyo vilivyokuwa vikipima nguvu. Mpira unaenda ulikoelekezwa, lakini unaishia njiani au unapitiliza. Wachezaji wengi hulalamika hivyo kwenye masafa marefu, na elimu ya mguso inawapa haki: ukipunguza kelele ya kidole, unapunguza na habari zake.

Mafundi wa mipini waliijua biashara hii ya kupata na kupoteza zamani sana. Tazama shoka za Walunda, ambao mfalme wao, Mwant Yav, ana makao yake Musumba, katika eneo la Kapanga, na zile za jirani zao Waluba na Wachokwe. Nyingi zimetengenezwa kwa mkia wa chuma unaopenya kichwa kinene cha mpini. Kichwa kile kinabeba pigo, na mpini unaofuata umepunguzwa ili uenee mkononi. Shoka la kazi mara nyingi hupewa mpini wa duara lililobonyezwa pande mbili, kwa sababu ile ile ya ubapa wa fimbo ya gofu: mkono ujue makali yameelekea wapi gizani, au jicho likiwa juu ya mti. Lakini shoka haliwezi kunyamazisha vidole kama fimbo ya gofu inavyofanya. Mkono wa juu unateleza kwenye mpini wakati wa kushusha, kisha unakaza wakati wa pigo. Mpini mnene kupita kiasi ungeuzuia mtelezo huo. Kwa zana zinazohitaji nguvu, kipenyo kinachopendekezwa mara nyingi ni kati ya sentimita 3 na 5, pale ambapo vidole vinazunguka bila kukutana na kiganja na misuli inapata nguvu yake kamili.

Hapa napenda kusimama, kwa sababu kuna jambo linalonikera. Milimita 44.45 za mshikio wa gofu zimepimwa, zimejadiliwa na kuandikiwa sheria. Karibu na Kolwezi, mji ulioanzishwa mwaka 1937 na kampuni ya Union Minière, wachimbaji wadogo wanapasua mwamba wa shaba na kobalti kwa nyundo na patasi, mtalimbo na beleshi. Patasi yao mara nyingi ni chuma kitupu cha mviringo, chembamba, kisicho na mshikio wowote. Chuma chembamba kinalazimisha vidole vibane kwa nguvu. Kubana kunaingiza kifundo katika mvutano. Na kila pigo la nyundo linapita moja kwa moja kwenye mifupa. Kadiri unavyobana, ndivyo mshtuko unavyosafiri zaidi kuingia mwilini. Mwaka 1918 daktari Alice Hamilton aliwachunguza wakata mawe wa chokaa huko Bedford, Indiana, waliokuwa wakitumia nyundo za upepo, akakuta vidole vyao vinageuka vyeupe na kufa ganzi, hasa wakati wa baridi. Tangu hapo dunia inajua kwamba mtetemo unaharibu mishipa ya damu na neva za mkono. Mashine za kutoboa mwamba zinazotumika leo katika migodi zinaleta hatari hiyo hiyo.

Dawa ya patasi ni rahisi kuliko fimbo ya gofu. Mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, ukikatwa ukanda na kuzungushwa hadi unene wa sentimita 3 na zaidi kidogo, unafungua vidole na kupunguza mshtuko. Ukiuzungusha zaidi upande wa juu, unapata ukingo unaokinga mkono nyundo ikikosea. Sehemu ya chini ibaki wazi ili jicho lione ncha. Sioni sababu ya kitu cha bei hii kukosekana katika mafunzo ya ushirika wowote wa wachimbaji, wakati soko la dunia linategemea Kongo kwa zaidi ya nusu ya kobalti yake.

Anayetaka kujua kama mshikio mpya unamfaa, wa gofu au wa patasi, ajihadhari na siku ya kwanza. Kitu kigeni huamsha umakini, na umakini peke yake huleta matokeo mazuri kwa muda. Njia ya haki ni kubadilishana: mapigo kumi kwa mshikio wa zamani, kumi kwa mpya, kisha urudie, huku mtu mwingine akiandika matokeo. Kwenye gofu, mita 1.5 ziandikwe peke yake na mita 10 peke yake, kwa kuwa mshikio mnene unaweza kushinda karibu na kushindwa mbali, na wastani wa jumla utaficha yote mawili. Mpiga patasi ahesabu mapigo yaliyoteleza, na jioni abonyeze upande wa nje wa kigasha, chini kidogo ya kiwiko. Panapouma pale, misuli ya kuzuia kifundo ndiyo iliyofanya kazi siku nzima, na unene wa mshikio bado haujatosha.