Nyoka wa Kufugwa Anapokataa Kula: Mwongozo kwa Mnunuzi na Mfugaji

Mtu aliyenunua nyoka wa kufuga hupatwa na wasiwasi mkubwa pale wiki zinapopita na mnyama wake hajagusa chakula. Wako wanaorudi dukani kwa hasira, wako wanaonunua dawa zisizohitajika, na wako wanaomlazimisha nyoka kumeza, jambo linaloweza kumuua. Katika makala haya tunaeleza sababu za nyoka kususa chakula, hatua za kuchukua nyumbani, dalili zinazomhitaji daktari, na haki za mtu aliyeuziwa mnyama mgonjwa nchini Uingereza. Tumemchukua chatu wa kifalme kuwa mfano wetu, kwa kuwa hufugwa sana nchini humo na anajulikana mno kwa tabia ya kususa.

Asili yake

Chatu wa kifalme, ambaye jina lake la kisayansi ni Python regius, ni mwenyeji wa Afrika ya Magharibi na ya Kati, kuanzia Senegal hadi Uganda. Ni mdogo akilinganishwa na chatu mkubwa wa Afrika Mashariki. Aliyekomaa kwa kawaida huwa na urefu wa sentimita 90 hadi 150. Mchana hujificha katika mashimo na vichuguu, na usiku hutoka kuwinda. Akitunzwa vizuri huweza kuishi miaka 20 au zaidi.

Nyoka hategemei chakula kuupasha mwili wake joto kama afanyavyo binadamu. Hulipata joto kutoka mahali alipo. Kwa sababu hiyo hutumia nguvu kidogo, na chatu wa kifalme aliyekomaa na mwenye afya huweza kukaa miezi kadhaa bila kula pasipo kudhurika. Kususa, basi, si ugonjwa wenyewe. Ni ishara, na wajibu wa mfugaji ni kutafuta inaashiria nini.

Sababu za kawaida

Sababu ya kwanza ya kuchunguzwa ni joto. Nyoka aliye katika baridi hawezi kumeng'enya chakula, na mwili wake humzuia kula. Upande mmoja wa tangi uwe na mahali pa kuota joto penye nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi, na upande wa pili uwe na nyuzi 24 hadi 27, ili nyoka achague mwenyewe. Joto lipimwe kwa kipimajoto mahali hasa anapolala nyoka. Kupima kwa kiganja hakutoshi. Kila chombo cha joto kiunganishwe na thamostati, kwani mkeka wa joto usiodhibitiwa umewaunguza nyoka wengi.

Sababu ya pili ni hofu. Chatu wa kifalme aliyewekwa katika tangi kubwa lisilo na maficho hujiona yuko hatarini. Apewe maficho mawili, moja upande wa joto na jingine upande wa baridi, kila moja likiwa dogo kiasi cha kumgusa ubavuni anapojikunja. Nyoka aliyehamishiwa nyumba mpya aachwe atulie wiki moja bila kushikwashikwa ndipo apewe chakula.

Sababu ya tatu ni mambo ya kimaumbile. Nyoka anayekaribia kujivua gamba, ambaye macho yake yamekuwa na ukungu wa buluu, kwa kawaida hatataka kula mpaka amalize. Madume wengi hususa katika msimu wa kupandana, na majike hususa wanapokaribia kutaga na wanapoyalalia mayai kwa muda wa miezi miwili hivi.

Sababu ya nne ni chakula chenyewe. Nyoka aliyezoeshwa panya hai huenda asimtambue panya aliyegandishwa kuwa ni chakula, na aliyezoea panya wadogo huenda akawakataa wakubwa. Hapa ndipo inapoonekana faida ya kumuuliza muuzaji maswali kabla ya kulipa.

Hatua za kuchukua

1. Rekebisheni makazi kwanza. Kagueni joto, maficho na unyevu. Unyevu wa asilimia 50 hadi 60 hutosha, na uzidishwe kidogo nyoka anapojivua gamba.

2. Mpimeni nyoka uzito mara moja kwa wiki kwa mizani ya jikoni iliyotengwa kwa kazi hiyo tu. Andikeni uzito, tarehe, aina ya chakula na kama alikula au alikataa.

3. Yeyusheni panya aliyegandishwa ndani ya mfuko uliofungwa, kisha mpasheni joto kwa kuutia mfuko huo katika maji ya moto kabla tu ya kumpa nyoka. Chatu huhisi joto la windo kwa vishimo vilivyo mdomoni mwake, hivyo panya aliyepoa hamvutii. Msitumie maikrowevu, kwani hupika nyama kwa ndani na huweza kumpasua panya.

4. Chagueni panya ambaye unene wake haupiti sehemu nene ya mwili wa nyoka. Mleteni jioni, taa zikiwa zimezimwa, kwa koleo refu. Nyoka asipomchukua, mwacheni panya mlangoni pa maficho usiku huo, na asubuhi mtupeni. Msimgandishe tena.

5. Akikataa, ngojeni. Mkubwa ajaribiwe tena baada ya wiki mbili, na mdogo baada ya wiki moja. Kumsumbua kila siku humzidishia hofu na kurefusha mgomo. Subira yavuta heri, na kwa nyoka huyu usemi huo una maana yake kamili.

Mambo ya kuepuka

Msimwachie nyoka aliyesusa panya hai ndani ya tangi. Panya huuma, na nyoka asiye na hamu ya kula hajitetei. Majeraha yake huwa mabaya sana. Msimlazimishe kumeza kwa mikono yenu, kwani kazi hiyo ni ya daktari peke yake na huweza kuchana koo au kumfanya atapike. Kumbukeni pia kwamba nyoka huweza kubeba bakteria wa salmonela hata akiwa mzima. Oshweni mikono kila baada ya kumshika, vyombo vyake visioshwe jikoni, na watoto walio chini ya miaka mitano wasimguse.

Lini amwone daktari

Msingoje iwapo nyoka anapumua mdomo ukiwa wazi, anatoa povu puani au mdomoni, anakoroma, ana wekundu au usaha kinywani, anatapika alichokula, ana uvimbe, au ana vidoa vyeusi vinavyotembea katikati ya magamba, ambavyo ni utitiri. Mpelekeni pia akipoteza sehemu ya kumi ya uzito wake, au uti wa mgongo ukianza kuchomoza. Nyoka mchanga hana akiba ya mafuta kama mkubwa. Asipokula kwa wiki chache baada ya makazi kurekebishwa, apelekwe. Tafuteni daktari mwenye uzoefu wa wanyama watambaao, na chukueni daftari la kumbukumbu mkienda.

Haki za mnunuzi

Kabla ya kununua, ombeni kuoneshwa nyoka akila. Ulizeni alizaliwa kwa mfugaji au alikamatwa porini, kwa kuwa wa porini mara nyingi huwa na vimelea na husumbua zaidi kula. Ulizeni mlo wake wa mwisho ulikuwa lini na ulikuwa wa nini, na majibu hayo yaandikwe pamoja na risiti. Nchini England mfanyabiashara wa wanyama wa kufugwa anatakiwa kuwa na leseni ya halmashauri, na namba yake ionekane katika tangazo.

Chini ya Sheria ya Haki za Mlaji ya mwaka 2015, mnyama aliyenunuliwa kwa mfanyabiashara huhesabiwa kuwa bidhaa. Akionekana kuwa na kasoro aliyokuwa nayo tangu siku ya kuuzwa, mnunuzi anaweza kumkataa na kudai fedha zake ndani ya siku 30. Baada ya hapo, na hadi miezi sita, kasoro huchukuliwa kuwa ilikuwapo tangu mwanzo mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo. Lakini nyoka aliyesusa kwa sababu ya baridi ya nyumbani kwenu si kosa la muuzaji. Ndiyo maana tunasisitiza daftari: humwonesha daktari tatizo lilipoanzia, na humwonesha muuzaji kwamba mlitimiza wajibu wenu. Aliyenunua kwa mtu binafsi ana kinga ndogo zaidi, hivyo awe mwangalifu zaidi.

Wasomaji wenye jamaa Kenya au Tanzania wajue kwamba huko nyoka ni mnyamapori, na haruhusiwi kufugwa bila kibali cha mamlaka za wanyamapori.

Mwisho, mfugaji aliyeshindwa asimwachie nyoka porini. Nchini Uingereza kufanya hivyo ni kosa kisheria, na baridi itamuua. Awasiliane na kituo cha kuokoa wanyama, akabidhi nyoka pamoja na daftari lake, ili atakayempokea ajue pa kuanzia.