Mbwaa si Misri: Lugha Kama Shahidi wa Mapokeo ya Wameru

Waimenti wa Kiirua, kaskazini ya Mlima Kenya, husimulia kama wasimuliavyo Wameru wengi wengineo, kwamba wahenga wao walitoka Mbwaa, mahali palipokuwa kando ya maji makubwa. Huko walitumikishwa na Nguuntune, yaani watu wa nguo nyekundu, ambao waliwapa majaribu mazito mpaka wakaamua kutoroka. Kiongozi wao, ambaye wengi humwita Koomenjue, aliwafikisha ukingoni usiku. Katika baadhi ya masimulizi aliyapiga maji kwa fimbo, njia ikafunguka, na watu wakavuka Iria Itune, yaani maji mekundu.

Anayekijua kitabu cha Kutoka hawezi kuacha kushtuka. Ndiyo maana imedaiwa, kanisani na shuleni, na pengine mbele ya wataalamu pia, kwamba Wameru ni tawi la Wana wa Israeli lililopotea njiani. Makala haya yanakusudia kulipima dai hilo kwa mizani ya lugha.

Na tuanze na hesabu, kwa kuwa majina ya tarakimu ni miongoni mwa maneno yanayodumu sana. Mmeru husema inya, ithano, kenda, ikumi. Mswahili husema nne, tano, kumi, na hapo kale alisema kenda pia, kabla neno hilo halijasukumwa kando na tisa. Undugu huo wa Kibantu hauhitaji ushahidi zaidi. Sasa yatazamwe yale ambayo Mswahili aliyapokea kwa Mwarabu: sita, saba, tisa. Kiebrania kina shesh, sheva, tesha, kwa sababu Kiarabu na Kiebrania ni lugha za nasaba moja. Mmeru hana hata moja katika hayo: sita kwake ni ithanthatu, na saba ni mugwanja. Basi kama kufanana na Kiebrania ndicho kipimo, mvuvi wa Lamu angestahili kuitwa Myahudi kabla ya mkulima wa Kiirua. Wala hakuna anayemwita hivyo, kwa kuwa kila mtu ajua kwamba maneno hayo yaliletwa na biashara na dini.

Neno lenye uzito zaidi katika habari hii ni iria. Katika Kimeru iria ni maji mengi yaliyokusanyika, na pia ni maziwa ya kunywa. Kiswahili kina uhusiano kama huo: ziwa ni la maji, ziwa ni la mama, na maziwa ndiyo yatokayo humo. Kwa hiyo anayesikia Iria Itune hana sababu ya kilugha ya kufikiri juu ya bahari kuu. Linatosha ziwa, ghuba au mkono wa bahari. Ni mfasiri aliyeigeuza ikawa Bahari ya Sham, na baada ya kuigeuza akashangaa kuikuta katika Biblia!

Jeffrey Fadiman, aliyewahoji wazee wa Kimeru na kuchapisha kitabu juu ya historia yao mwaka 1993, ameiweka Mbwaa katika kisiwa cha Manda, karibu na Lamu, na kukadiria kwamba kuhama kulitukia mwanzoni mwa karne ya 18. Mahali hapo panafaa. Mkondo wa Mkanda unaoitenga Manda na bara ni mwembamba, umezungukwa na mikoko, na maji yake hupwa na kujaa. Mtu aliyelelewa huko angejua saa ya kuvuka. Mjukuu wake aliyezaliwa mlimani, asiyewahi kuona maji yakipwa, angeweza kwa uaminifu kabisa kusimulia kwamba maji yaligawanyika. Haya ni makisio, lakini yanatembea pamoja na lugha badala ya kushindana nayo.

Hapana budi pia kukumbuka wakati ambapo habari hizi ziliandikwa. H. E. Lambert, mtaalamu wa lahaja za Kiswahili, alikuwa mkuu wa wilaya ya Meru katika miaka ya 1930. Kitabu cha Bernardo Bernardi, padre wa Consolata, juu ya Mugwe, kilitoka mwaka 1959. Kufikia wakati huo Injili ilikuwa imekwisha kuhubiriwa Meru kwa miongo kadhaa. Si kusema kwamba wazee walitunga. Lakini mzee aliyekwisha kusikia habari za Musa huweza kuchagua maneno yatakayomfurahisha msikilizaji wake, na mwandishi naye huweza kusikia alichokitarajia.

Ugumu wa kuyasema haya hadharani si wa Wameru peke yao. Miongoni mwa Wacheki, mwaka 1817 na mwaka uliofuata, yalitangazwa kuwa yamegunduliwa maandiko mawili ya mashairi, yakidaiwa kuwa ya kale mno. Taifa lililokuwa likidharauliwa na watawala wake wenye kusema Kijerumani lilijivunia mashairi hayo kama hati ya uungwana. Mwaka 1886 mwanaisimu Jan Gebauer alionyesha, katika jarida la Athenaeum lililohaririwa na Tomáš Masaryk, kwamba sarufi yake haikuwa ya zama zilizodaiwa. Wote wawili waliitwa wasaliti. Masaryk huyo, ambaye baba yake alikuwa Mslovakia, alitukanwa tena mwaka 1899 alipomtetea Leopold Hilsner, Myahudi wa Polná aliyehukumiwa kufa kwa tuhuma ya kuua, huku umma ukivumisha kwamba Wayahudi huhitaji damu ya Wakristo kwa ibada zao. Mwaka 1918 akawa rais wa kwanza wa Czechoslovakia.

Tofauti iwekwe wazi: maandiko yale yalighushiwa, na mapokeo ya Mbwaa hayakughushiwa. Kosa la huku limo katika tafsiri. Wala Uyahudi hauhitaji damu ya kale ili uwe wa kweli. Semei Kakungulu na wafuasi wake karibu na Mbale waliushika mwaka 1919 kwa imani tu, na jamii yao ya Abayudaya ipo hadi leo.

Hasara ya tafsiri hiyo ni kwamba yasiyofanana na Kutoka huachwa. Nguuntune waliwataka wahenga walete viatu vya ngozi vyenye manyoya pande zote mbili, na mbwa mwenye pembe, na mkuki wa kufika mbinguni. Farao hakuyataka hayo. Tena yasemwa kwamba waliovuka usiku wakawa Njiru, weusi. Waliovuka kulipopambazuka wakawa Ntune, wekundu. Na waliovuka jua limekwisha toka wakawa Njeru, weupe. Na hadi leo koo hupangwa kwa majina hayo. Hayo ndiyo yanayostahili kuulizwa kwanza kwa mzee wa Kiirua, na iria iandikwe iria.